Daftari Liko kwa Nani? Kazi za Kujitolea Zisizo na Tangazo

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, akina mama na akina baba, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango mkijua mtatoka mapema: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, shikamooni.

Ukitaja kujitolea hapa mjini, watu huona picha moja. Fulana zinazofanana, katoni mbili za sabuni na mfuko wa unga mlangoni mwa kituo cha watoto yatima, picha ya pamoja, kila mtu kwake. Si kazi mbaya. Ila mwezi wa Ramadhani na Desemba wageni hupishana mlangoni, na Februari hakuna anayepiga hodi.

Leo tunazungumzia kazi ambazo hazijawahi kubandikiwa tangazo popote. Njia tunayoiamini ya kuzipata ni kutafuta daftari. Kila huduma ya watu wengi inayokwenda vizuri ina daftari nyuma yake, na nyuma ya daftari kuna mtu mmoja. Kisima kina daftari. Chama cha mazishi kina daftari. Ukiingia ofisini ukauliza, "Mna nafasi ya kujitolea?" utaambiwa hakuna, au uache namba yako ya simu. Anayekujibu hadanganyi, nafasi iliyoandikwa hana. Uliza hivi: "Daftari hili anajaza nani? Na asipokuwepo?" Hapo mtu atakuna kichwa kidogo, kisha atasema, "Ni yule mama tu. Akisafiri, linakaa." Neno hilo "linakaa" ndiyo nafasi yenyewe.

Tuanze na daftari la mvua, maana wengi hamjui kama lipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa haina mtumishi kila kata, wala haijawahi kuwa naye. Tangu enzi za mkoloni vipimamvua vingi vimekaa kwenye shule, misheni, mashamba na ofisi za kilimo, vikisomwa na mtu ambaye kazi yake ya mshahara ni nyingine kabisa. Kipimo cha kawaida ni chombo cha mviringo cha bati au shaba, mdomo wake una kipenyo cha milimita 127, yaani inchi 5, na ndani kuna faneli na chupa. Mdomo unakaa sentimita 30 juu ya ardhi na unalala sawasawa. Ukuta au mti ulio karibu uwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake: mwembe wa mita 8, kipimo kiwe mita 16 kutoka hapo.

Saa 3:00 asubuhi, kila siku ya Mungu, unatoa chupa na kumimina maji kwenye bilauri ya kupimia. Unainama mpaka jicho lilingane na maji, na unasoma pale chini maji yanapobonyea katikati, si zile kingo zinazopanda kwenye kioo. Unaandika, unarudisha chupa, umemaliza. Dakika tatu hazifiki.

Sasa sikilizeni inavyoharibika. Siku isiyo na mvua watu huacha nafasi wazi. Kosa. Siku kavu huandikwa 0.0; nafasi wazi maana yake hakuna aliyesoma, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mtu atakayetumia takwimu hizo miaka 20 ijayo. La pili ni Jumapili. Msomaji anakwenda kanisani, Jumatatu anakuta milimita 24, anazigawa 12 kwa 12 ili daftari lipendeze. Usigawe. Andika 24 na pembeni useme ni za siku mbili. La tatu ni bilauri kuvunjika. Bilauri inachorwa kwa ajili ya mdomo wa kipimo chake. Ukiazima ya kipimo cha inchi 8 ukaitumia kwa cha inchi 5, mvua ya milimita 10 itasomeka chini ya 4, na hakuna atakayejua mpaka mtu ajiulize kwa nini kata yenu imekuwa jangwa ghafla. Bilauri ikivunjika, chukua kitu chochote chenye alama za mililita, hata bomba kubwa la sindano lisilo na sindano: kwa mdomo wa milimita 127, kila mililita 12.7 za maji ni milimita moja ya mvua. Na kabla ya masika angalieni faneli. Buibui hupenda sana kulala humo.

Kazi hii inamfaa mtu asiyesafiri. Mzee aliyestaafu, mama mwenye duka mbele ya nyumba, mwalimu anayekaa nyumba za shule. Kijana anayehangaika na bodaboda asiichukue. Ataisoma wiki tatu kisha atajaza kwa kubuni, na namba ya kubuni ni mbaya kuliko nafasi wazi.

Tuje kwenye damu. Watu hudhani anayehitajika ni mwenye mkono wa kutolea tu. Mkono una masharti yake: umri miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu, na wingi wa damu unaopimwa palepale. Mwanamume hutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Lakini kuna kazi ya pili ambayo haihitaji hata tone: kupiga simu.

Sababu ni hii. Sehemu kubwa ya wachangiaji wetu wa hiari ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa Juni na Desemba, benki ya damu inakuwa imefungiwa mlango wake mkubwa, na Desemba ndiyo mwezi wa safari na ajali. Nayo damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Mfuko wa damu kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 kwa kawaida hudumu siku 35. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano tu. Mfuko uliotolewa tarehe 10 Novemba hautafika Krismasi. Kwa hiyo kampeni kubwa ya Oktoba yenye muziki na maturubai, kwa mgonjwa wa sikukuu, haina msaada.

Anayejitolea hapa anatengeneza orodha ya watu wazima 40 wa mtaa, msikiti, kanisa au kijiwe. Safu tano zinatosha: jina, simu, kundi la damu, tarehe aliyotoa mara ya mwisho, tarehe anayoruhusiwa tena. Safu ya tano ndiyo uhai wa orodha. Wagawe makundi manne ya watu kumi na muulize maabara ya hospitali au kituo cha Damu Salama ni siku gani wanaweza kuwapokea, kisha wapeleke kwa zamu, wiki mbili mbili. Ukiwapeleka wote 40 siku moja umewafungia wote miezi mitatu au minne, na wiki ijayo akipatikana mama aliyevuja damu akijifungua, orodha yako nzima ni karatasi. Piga simu wiki moja kabla, kisha jana yake. Ujumbe wa kundi la WhatsApp kila mtu hudhani unamhusu mwenzake.

Hapa kuna jambo la kushika kwa mikono miwili. Damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Majibu ni ya mchangiaji na wataalamu, si ya orodha yako. Mtu akirudi akasema, "Mimi wameniambia nisubiri," usiulize kwa nini, usiandike kwa nini. Andika "asipigiwe" na tarehe, basi. Na usibandike orodha hiyo kwenye kundi la simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu mambo ya afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, mtaa mdogo una masikio marefu.

Kuna kazi nyingine haitajwi kabisa kwenye vikao vya namna hii, kwa sababu tumezoea kuiita faradhi. Kuosha maiti. Ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, wengine wote wamesalimika, na ndiyo maana wengine wote wamekaa. Nendeni mkaulize kwenye misikiti yetu ya huku pwani ni wanawake wangapi wanaojua kuosha. Mara nyingi mtatajiwa majina mawili, na yote mawili ni ya bibi wenye magoti mabovu.

Hii haijifunzwi kwa kusimuliwa. Mwanafunzi anaanza na maji: kuyachota, kuyatia vuguvugu, kupokezana vyombo. Mara ya pili anamimina. Baadaye ndipo anaosha, mkono ukiwa umevikwa glavu au kitambaa, mwili umefunikwa kati ya kitovu na magoti muda wote. Sunna ni kuosha kwa witiri, mara tatu, tano au saba, kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, na mara ya mwisho maji yatiwe kafuri. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Mtu anayetaka kusaidia lakini hawezi kukaribia maiti, na wapo, si aibu, ana kazi yake: kuhakikisha kisanduku kimekaa tayari. Pamba, kafuri, mkunazi mkavu, glavu jozi kumi, sabuni, ndoo mbili, shuka safi la kusitiri, mkasi, vipande vya sanda vilivyokwisha kukatwa vya kike na vya kiume. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba msiba unaingia saa 8 za usiku, na watu wanaanza kugonga maduka kutafuta kafuri. Anayeshika ufunguo wa kisanduku na kujaza kilichopungua siku inayofuata amefanya nusu ya msiba.

Wachimbaji nao wanahitaji orodha. Kaburi la udongo mgumu wanaume sita kwa kupokezana hulimaliza asubuhi moja. Kwenye mchanga wa pwani shida ni kuporomoka. Huko mwanandani, yaani shimo la ndani analolazwa maiti, wa ubavuni haufai, huchimbwa wa katikati, na mbao za kuzuia kingo ziwe zimefika kabla ya jembe la kwanza. Haya yanawahusu Waislamu na Wakristo pia, tofauti ni umbo la chini tu.

Na onyo, tena kali. Marehemu akiwa amekufa kwa kipindupindu, au kukiwa na tetesi za homa ya kutoka damu kama Marburg, ile iliyoingia Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, hakuna kuosha wala kugusa mpaka afisa afya afike. Mwili wa aina hiyo huambukiza baada ya kifo. Kazi ya aliyejitolea hapo ni kuwazuia ndugu kwa maneno mazuri, na ni ngumu kuliko kuosha.

Wale mliotoka vijijini, au mnaorudi huko mara kwa mara, angalieni pampu ya mkono. Jumuiya ya watumia maji ina mwenyekiti na mhazini, lakini mara nyingi haina mtu anayeipima pampu ikiwa nzima. Wote huja ikishakufa. Vipimo viwili tu, mara moja kwa mwezi. Cha kwanza: pampu mpaka maji yatoke mfululizo, funga dakika 30, kisha pampu tena ukihesabu. Mikupuo ikizidi mitano kabla ya maji kutoka, yanavuja kurudi chini, na mshukiwa ni valvu ya chini au maungio ya bomba. Cha pili: mikupuo 40 kamili kwenye ndoo kwa dakika moja, pima lita, andika. Usilinganishe na pampu ya kijiji jirani. Linganisha na namba yako ya mwezi uliopita. Ikianza kushuka mwezi hadi mwezi, mpira wa pistoni unakwisha, na mpira ni kitu cha bei ndogo ukibadilishwa mapema. Fundi akiletewa daftari la miezi sita anajua achukue kipuri gani kabla hajapanda pikipiki. Akiletewa kauli ya "pampu imeharibika" atakuja mara mbili, na nauli zote mbili ni zenu.

Mjini, mwenzake pampu ni mfereji. Hapa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakitembea mitaani kuchora nyumba, njia na mifereji kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap, hasa maeneo yanayofurika. Ramani hiyo haijafungwa. Mtu mwenye simu anaweza kuiongezea mtaa wake leo. Tembea na mfereji kutoka juu kwenda chini. Kila unapobadilika, yaani upana, kina, saruji kuwa udongo, kuingia kwenye kalavati, simama na uandike. Mambo mawili huwashinda wanaoanza. Simu ikiwa kati ya kuta mbili ndefu inadanganya mahali ulipo kwa mita kadhaa. Simama dakika moja mahali peupe kabla ya kuchukua alama. Halafu mwelekeo: kwenye ramani hiyo mstari wa maji huchorwa kufuata yanakokwenda, na macho hudanganya kwenye mtaa tambarare. Dondosha jani au majivu kwenye maji, angalia yanaelekea wapi, ndipo uchore. Fanyeni Februari. Machi mvua ikianza, hakuna mfereji wa kuchora, kuna ziwa.

Kwa anayelea mgonjwa au asiyeweza kutoka nyumbani, na pia kwa ndugu zetu walioko Muscat au Ulaya, ipo kazi ya sauti. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kwa watu kusoma sentensi fupi, ili mashine zijifunze kutusikia. Wengi hurekodi, kilichobaki nyuma ni kusikiliza, maana kila sauti inahitaji kukubaliwa na wasikilizaji wawili. Dakika kumi za kusikiliza zinafaa kuliko kurekodi tena sentensi hamsini. Mkirekodi, msirekodi mvua ikipiga bati. Na wekeni wazee mbele ya simu, wenye lafudhi zao, la sivyo mashine itawaelewa vijana wa mjini peke yao.

Sasa namna ya kuingia, maana hapa ndipo nia njema nyingi hufia.

Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa kabla ya kwenda popote, hata kama afisa mtendaji ni jirani yako. Bila barua wewe ni mtu anayeuliza maswali. Ukifika, usiahidi mwaka. Omba wiki nne, siku moja kwa wiki, saa zinazojulikana. Mwenye daftari anahitaji kukuona ukirudi mara ya nne. Kabla ya hapo, kwake wewe ni kama wale wa fulana.

Posho izungumzwe siku ya kwanza. Najua haipendezi. Lakini mtu anayejitolea bila kusema nauli yake inatoka wapi hujitolea mpaka nauli inapokwisha, kisha hutoweka kimya kimya, na ofisi inasema vijana hawaaminiki. Piga hesabu: safari nne kwa mwezi, kwenda na kurudi, vocha ya simu. Ikiwa unaweza kuibeba mwenyewe, sema. Ikiwa huwezi, tafuta kazi ya umbali wa kutembea. Kipimamvua hakina nauli.

Angalia pia usimkanyage mtu. Yule mama wa daftari huenda anapewa kitu kidogo kwa kazi ile, au heshima yake iko pale. Ukiingia na kompyuta yako na kutangaza kwamba daftari limepitwa na wakati, umeshamaliza. Jaza daftari lake, kwa kalamu yake, kwa safu zake, miezi miwili. Ukiona safu inakosekana, muulize yeye, mwache aichore mwenyewe.

Fedha, usizishike peke yako hata siku moja. Michango ya sanda, pesa ya maji, yoyote ile: watu wawili wahesabu, wawili wasaini, stakabadhi ibaki kwenye kitabu. Wizi wenyewe ni nadra. Kinachovunja vyama ni shilingi elfu saba zilizopungua ambazo hakuna anayekumbuka zilikwenda wapi. Kwa watoto vilevile, usibaki na mtoto wa mwenzako chumba kimefungwa, hata ukimsomea kitabu.

Mwisho ni kuondoka, na wengi hawajui kuondoka. Utahama, utaolewa, utapata ajira. Toa taarifa wiki nne kabla. Wiki mbili za kwanza anayekurithi anakuangalia, wiki mbili za mwisho unamwangalia wewe. Mkabidhi mbele ya mwenye ofisi: daftari, ufunguo, bilauri ya kupimia, kisanduku kikiwa kimejaa, na karatasi moja yenye namba za fundi, afisa afya na mwenyekiti. Asaini kwamba amepokea. Kisha futa orodha ya watu kwenye simu yako, yote, mbele yake.